Uwanga wa Rongelap katika karamu ya Jemina

Jua limeshaanza kuchoma hapa Rita, mtaa wa kisiwa cha Majuro katika Visiwa vya Marshall, na Emity Lajuan amesimama kwenye maji ya chumvi yanayomfika magotini, anachuja uwanga, viazi vya porini vilivyokwisha kukunwa. Anamimina maji, anakamua kitambaa, unga mweupe unatuama chini ya beseni. Anamwaga maji machungu, anaanza upya. Majirani wanaopita wanamtania kwamba leo ameamua kukifua kisiwa kizima cha Rongelap, kwao.

Emity, mwenye miaka hamsini na miwili, ni mpishi wa kemem, karamu ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Hapa Majuro kila mtoto hufanyiwa, hata wa baba asiye na mbele wala nyuma, kwa hiyo Jumamosi za mpishi huyu zina wenyewe. Karamu ya leo haina malipo. Jemina ni mjukuu wake.

Kaka yake Emity, Jolbej, anayefanya kibarua Rongelap, ndiye aliyeleta gunia la uwanga kwa meli. Zawadi iliyotoka kwenye udongo wa ukoo haikataliwi, labda kama mtu amechoka na ndugu zake.

Udongo huo una habari zake. Mwaka 1954 Wamarekani walilipua bomu la nyuklia kule kisiwani Bikini na majivu yake yakaangukia Rongelap. Litokne, mama mkubwa wa Emity, alikuwa na miaka mitano. Anasema watoto waliyachezea, wakajipaka nywele. Wakahamishwa, kisha baada ya miaka mitatu wakarudishwa na kuambiwa kisiwa ni salama. Wakachimba uwanga, wakala, midomo ikawawasha. Mwaka 1985 wakafungasha na kuondoka; wanaorudi sasa ni vibarua wachache kama Jolbej.

Emity amepeleka konzi ya unga kwa watu wanaopima mionzi. Kijana wa huko alikaa naye asubuhi nzima, akamweleza kwamba mionzi yake haifiki kiwango cha hatari, na kwamba kuosha mara nyingi kunaipunguza zaidi.

"Namwamini yule kijana," anasema Emity, mikono ikiwa bado ndani ya beseni. "Shida yangu ni kwamba mama zangu nao waliamini."

Sasa kwa nini asiwapikie wazee peke yao, pembeni? Swali hilo linamchekesha mpaka anaweka kitambaa chini. Kwenye kemem kila mgeni huondoka na kikapu cha chakula, na vikapu ni sawa kwa wote.

"Chungu cha siri kwenye kemem? Nitasemwa mpaka kisiwa cha Ebeye."

Kwa hiyo ni wote au hakuna. Na katika ukoo huu, wa kwanza kulishwa ni mtoto mwenyewe.

Litokne ndiye aliyeusubiri uwanga huu kuliko wote. Tangu meli ifike amekuwa akiuliza kama umeiva, utadhani yeye ndiye anayetimiza mwaka. Kabla ya wageni kufika anaingia jikoni, anaketi, anadai bakuli lake. Emity anampikia kidogo kwa tui la nazi.

Mama mzee anatia kijiko kinywani, anafumba mdomo, anapitisha ulimi kwenye midomo. Jiko zima linamtazama.

"Hauwashi," anasema.

Anakula tena. Machozi yanamtoka na hayafuti. Jolbej tayari ameinua sufuria kubwa, anauliza uwanga wa wageni uanze kupikwa sasa au wasubiri.

"Weka chini," Litokne anamwambia. "Mimi nilishakula majivu, mwanangu, hakuna cha kunitisha. Huyu mtoto mpikieni shelisheli."

Jolbej ananuna waziwazi. Amesafiri na gunia lile kutoka mbali. Emity anamshika bega. Baadaye anakiri kwamba alipumua kwa mara ya kwanza tangu meli itie nanga, na pia kwamba iliuma, kwa sababu kumkataza mjukuu chakula cha kwao si jambo dogo.

Wageni wanaondoka jioni na vikapu vya shelisheli, samaki na wali. Hakuna anayelalamika. Gunia lingali na viazi vya uwanga vya kutosha, na shemeji yake Emity anayeishi kijiji cha Laura, hapa hapa Majuro, amempa kipande cha shamba. Jumatatu anakwenda kuvipanda.

"Udongo utakuwa wa watu, hilo najua," anasema. "Lakini nataka Jemina ale uwanga bila kwanza kuulamba kuona kama unawasha."