Figa la Mutindi

Kivuva wa Kanyangi hakuwa mvivu, na atakayekwambia alikuwa mvivu mpuuze. Njaa ndiyo iliyomvunja. Mwaka ule wa thelathini na nne nzige walimaliza mtama, jua likamaliza mbuzi, na mkewe Mutindi akarudi kwao Migwani kutafuta cha kutia tumboni. Kivuva alimwahidi kwamba siku atakayopata unga angemwita nyumbani. Watoto wao wote walikuwa wamezikwa nyuma ya boma. Alichobaki nacho duniani ni huyo Mutindi, naye alimpenda, wala hakuona haya kusema.

Ndipo akaja mzungu wa mawe. Alipiga hema chini ya kilima, akaajiri wapagazi, akawa anagonga majabali kwa nyundo kutwa nzima. Watu walidhani anatafuta dhahabu. Jonah, mkalimani wake, mtu wa misheni, aliwaeleza kwamba mzungu anatafuta umri. Mawe ya huku, alisema, ndiyo sakafu ya nchi. Yalikuwako kabla ya mtu na mnyama. Ndani ya jiwe jeusi lililo zito kupita kiasi mna kitu kinachooza polepole mno, na kikioza huacha risasi, si ya bunduki bali madini, nyepesi kidogo kuliko ile ya kawaida, pamoja na hewa inayonaswa humo humo. Ng'ambo kuna wataalamu wa kuzipima risasi na hewa hiyo. Zikiwa nyingi, jiwe ni la kale. Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini. Kwani jiwe lilizaliwa na nani?

Mzungu alitangaza mfuko wa unga kwa atakayemletea jiwe la namna hiyo kutoka kilimani. Kivuva alipanda, akapekua kila ufa mpaka kucha zikatoka damu. Wapi! Akiwa anashuka, tumbo limeshikana na mgongo, akakumbuka jikoni kwake. Moja ya mafiga matatu lilikuwa jeusi na zito ajabu. Marehemu mamake alilibeba kutoka kilima kile kile alipompangia Mutindi jiko, mwaka wa harusi.

Sasa, ukoo wao una mwiko: figa la mke haling'olewi akiwa hai. Linang'olewa siku anapozikwa, basi. Kivuva alilijua jambo hilo tangu utotoni. Lakini alijiambia angetafuta jiwe lingine alishindilie pale kabla Mutindi hajarudi. Tena si uongo, figa lenyewe lilitoka kilimani, na jiwe ni jiwe, moto utalifanya nini? Akaling'oa, akasugua masizi kwa mchanga, akaliosha likang'aa. Mzungu alilipima mkononi, akatabasamu, akampa unga wake.

Kivuva alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alimkuta Mutindi amesimama mlangoni, mzigo bado mgongoni. Kwao Migwani mvua ilikuwa imegusa kidogo, akapewa mbaazi, akaona asimwache mumewe afe peke yake. Sasa alikuwa anatazama shimo lililoachwa kwenye majivu.

"Umenizika," alisema.

Kivuva aliweka mfuko chini akaanza kueleza: mzungu, risasi, hewa, unga. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo, maskini. Mutindi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka, akashika njia ile ile aliyojia, na ule unga hakuugusa.

Kivuva alituma wazee Migwani. Walijibiwa asubiri, hasira ipoe. Akasubiri msimu ukapita, na mwingine. Mwenyewe hakwenda, aibu ilimfunga miguu, na hapo ndipo alipokosea zaidi.

Mwaka uliofuata Jonah alipita Kanyangi na lile jiwe, limekatwa upande mmoja. Alikuwa amesikia yaliyompata Kivuva, akamwomba mzungu alirudishe.

"Wamesema halifai," alisema Jonah. "Lilipikwa sana. Moto ulitoa hewa yote, na kwa hesabu ya hewa ni kama limezaliwa juzi."

Kivuva hata hakusikiliza vizuri. Alilipakata jiwe kifuani kwa furaha, wacha wee! Alilitia kwenye kiondo akatembea nalo hadi Migwani, akipanga njiani maneno atakayomwambia Mutindi. Mkwewe, mzee Ndululu, alimpa kigoda na maji ya kunywa, akalitazama lile jiwe.

"Mkwe," alisema, "Mutindi alikufa kwa homa mvua zilipoanza. Hatukukuletea habari. Mke huzikwa na mumewe, na wewe ulikuwa umeshamzika."

Kivuva alirudi na mzigo wake Kanyangi. Alichimba kwenye majivu, akalikalisha figa mahali pake, akalishindilia udongo kwa ngumi. Kuanzia hapo alikula kwa nduguye mpaka uzeeni. Jiko lilikuwa na mafiga yake yote matatu, na hakuwasha moto pale tena.