Sahani Moja ya Maji

Maulida hakuwa mfugaji. Hilo niliseme mapema, maana mwaka ule wa tisini na moja Arusha nzima ilikuwa imegeuka wafugaji, na kila aliyekuwa na kuku wawili alijiita mtu wa mradi. Karani ana mradi, mwalimu ana mradi, muuguzi anakwenda kazini ananuka mradi. Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani, huku Kijenge upande wa bondeni, nikiitazama mitumba inapita vichwani mwa watu na kunipokonya wateja. Mradi wangu ulikuwa kununa.

Maulida alipanga chumba cha pembeni katika ua wetu. Alikuwa mtu wa Kondoa, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na alifanya kazi kiwanda cha nguo tangu alipoolewa. Kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Mumewe, Mikidadi, akaenda migodini Mererani kutafuta mawe ya thamani. Aliaga kwamba anakwenda mara moja. Wanaume wengi wa mwaka ule walikwenda Mererani mara moja, na wengine hiyo mara moja yao haijaisha hadi leo.

Akabaki yeye na binti yao Swabaha, mtoto wa darasa la kwanza, mwenye macho makubwa na kifua kibovu. Chumba chao kiliegemea bonde. Wakati wa masika ukipitisha kiganja ukutani kinarudi kimelowa. Mtoto alikohoa usiku, alikohoa mchana, na mama yake alimpaka mafuta ya karafuu kifuani akisema ni mafua tu.

Ilipopita Idi el-Fitri akaja mama yake Mikidadi kutoka Kondoa. Mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alikaa siku chache, akatazama chungu, akatazama mtoto, kisha akamwita mkwewe uani, nami nikiwa pale pale na cherehani yangu, masikio yakiwa kazini.

"Mwanangu Maulida, sikuja kugombana," alisema. "Aliyepotea ni mtoto wangu mimi, sina uso wa kukulaumu. Lakini mjukuu wangu halali njaa nikiwa hai. Nitarudi Idi ya kuchinja. Nikikuta hapa kuna kitu kinachotaga au kinachowika, nitajua nyumba imesimama, mtoto atabaki. Nikikuta hivi hivi, naondoka naye."

"Sawa, mama," Maulida akajibu. Baadaye alikuja kukaa miguuni pangu kwenye vipande vya vitambaa.

"Mama Luqman, wakimchukua huyu mtoto mimi nitakuwa nani?"

Mume hana, kazi hana, na sasa mtoto. Nilimwambia akaoge.

Kesho yake alimsubiri Susana. Huyu alikuwa mama wa Kimeru aliyeshuka kutoka mlimani na ndizi kila siku ya soko, Mlutheri wa kukaa kiti cha mbele kanisani, mzito wa mwili na mwepesi wa kugawa mawaidha. Kahawa yao huko juu ilikuwa imekosa bei, kwa hiyo naye alikuwa anauza chochote kilichokuwa na miguu au majani. Maulida alimtolea doti zake za kanga za harusi, zile ambazo hazijaguswa na maji, na Susana akamletea kuku wa kienyeji aliyekuwa tayari anaatamia, pamoja na kapu la mayai ndani ya majani makavu ya mgomba. Mengine ya kuku, mengine ya bata.

"Kwa nini na bata?" nikauliza.

"Bata hafi ovyo," Susana akasema. "Kuku anakufa hata kwa kutazamwa vibaya. Sasa sikia, Mama Swabaha. Usiyaweke mayai yote siku moja. La bata lina usingizi mrefu. Tanguliza la bata, wiki mbili zipite, ndipo uongeze la kuku. Hapo wataamka pamoja. Ukiyaweka pamoja, kuku ataona wa kwake wametoka, atanyanyuka zake, na bata watakufa ndani ya ganda."

"Nimesikia, mama."

"Na wakishatoka, maji uwatenge. Bata mpe lake beseni mbali, kuku mpe kake kadogo. Kwetu tunasema bata ni wa maji, kuku ni wa majivu. Umesikia hilo?"

"Nimesikia."

Alisikia la kwanza. La pili lilipita.

Kuku alilalia mayai chini ya kitanda, ndani ya tenga. Swabaha akimaliza shule alilala kifudifudi sakafuni kumtazama, na kuku naye alimtazama. Siku zilipotimia, yakaanza kupasuka, ya kuku na ya bata kwa pamoja, kama Susana alivyosema. Nilivuta pazia nikaona vifaranga wa njano wamejaa, wengine wana midomo iliyochongoka, wengine bapa, wote wanagombania mbawa moja. Mtoto anacheka, anakohoa, anacheka tena. Maulida alikuwa amepiga magoti, ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu kiwanda kilipomtoa. Hata mimi nilifurahi, na mimi si mtu wa kufurahia vitu vinavyokunya ndani.

Akawawekea maji. Sahani moja, kubwa, ya bati, katikati.

"Wewe," nikamwambia, "yule mama si alisema uwatenge?"

Akageuka na kunitazama kana kwamba nimemtukana.

Lazima mjue kitu kimoja kuhusu Maulida. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa na mke mwenza wa huyo mama. Huyo mwanamke hakumpiga wala hakumnyima chakula. Alimtengea sahani. Wenzake walikula pamoja kwenye sinia, yeye sahani yake ikawekwa nyuma ya mlango. Alikula nyuma ya mlango ule mpaka siku anaolewa. Aliwahi kuniambia kwamba hadi leo akisikia sahani inawekwa chini peke yake, anageuka kutazama nyuma ya mlango.

"Mama yao mmoja, joto lao moja," akasema. "Katika nyumba yangu hakuna wa kutengewa sahani."

Mtu haambiwi aache kidonda chake kwa sababu ya bata.

Huko kwao Kondoa huenda isingekuwa neno. Kule kifaranga akilowa, jua linamkausha kabla hajamaliza kujitikisa. Lakini huku ilikuwa imeingia Juni. Mlima Meru uliondoka machoni petu, wingu likashuka hadi kwenye mabati, na manyunyu yakawa ya kuamka nayo na kulala nayo. Bata kwao hiyo ilikuwa sherehe. Waliingia ndani ya sahani kwa miguu, wakapiga maji, wakalowesha maranda yote waliyotandikiwa, kisha wakarudi chini ya mama yao wanachuruzika. Mama wa watu akatandaza mbawa na kuwafunika wote, maji na vyote. Na vifaranga wa kuku wakalala katika ule umajimaji.

Wa kwanza alikutwa asubuhi amelala ubavu. Maulida akasema huenda amekanyagwa. Halafu wengine wakaanza kushusha mbawa, wakasimama peke yao wamefumba macho. Akakata shubiri akaiweka kwenye maji. Akachanganya pilipili. Akawasha jiko la mkaa chumbani, akawa anawakausha mmoja mmoja kwenye kiganja, na mkaa wenyewe ndio uliokuwa wa kupikia. Wakaendelea kufa. Alikuwa akiwazika pale bondeni kabla mtoto hajarudi kutoka shule, halafu mtoto anahesabu na kuuliza, naye anajibu wamekwenda kutembea.

Bata hata mmoja hakufa. Walikuwa wamenenepa, wanapiga kelele, wanataka maji.

Na kikohozi cha Swabaha kikashuka chini. Nasema kikashuka kwa sababu kilianza kutokea mahali pengine, ndani zaidi, na mbavu zikawa zinaingia mtoto akivuta pumzi. Tulimpeleka zahanati. Mganga alimsikiliza mgongoni, akaandika dawa, akauliza wanaishi wapi. Maulida akamweleza.

"Mama, dawa nitakupa," yule mganga akasema. "Lakini ukuta ukiwa na maji, dawa yangu haina kazi. Huyu anataka jua. Huna ndugu mahali pakavu?"

Maulida akasema hana. Nilisimama pale mlangoni, nikamsikia, nikaikumbuka Kondoa.

Tuliporudi ua wetu tulimkuta Susana ameshusha ndizi zake, amesimama mlangoni kwa Maulida anatazama ndani. Kifaranga wa kuku alikuwa amebaki mmoja. Susana hakugomba, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombwa. Aliinama, akamnyanyua yule kifaranga, akampapasa tumbo.

"Amelowa," akasema. "Wote walikuwa wamelowa, Mama Swabaha. Wenzake hawakumchukia. Wao wanapenda maji tu. Wewe ndiye uliyepaswa kuwaonea huruma kwa kuwatenga."

Akaondoka na kutuachia mkungu mzima wa ndizi.

Maulida akachukua ubao wa kitanda, akausimamisha katikati ya chumba. Upande wa ukuta mkavu, karibu na jiko, akamweka kuku na yule kifaranga mmoja. Upande wa pili akawaweka bata na sahani yao. Kelele zilizoanza hapo sijapata kuzisikia. Bata walilia, wakauparamia ubao, wakaanguka, wakauparamia tena. Kuku huku naye anazunguka na kuita. Swabaha akaanza kulia pamoja nao.

"Mama, wanamtaka mama yao! Watoe! Mama, wanalia!"

"Waache walie," Maulida akasema. "Anayelia yuko hai."

Alisema akiwa amempa mtoto mgongo. Mimi nilimwona uso, na laiti nisingemwona.

Idi ya kuchinja ikafika, na siku moja kabla yake akafika mama mkwe. Nilimpokea mzigo, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akaingia moja kwa moja chumbani. Akatazama. Bata walikuwa wameanza kuota manyoya ya kweli, wamejaa upande wao. Kuku alikuwa anachakura, na yule kifaranga, ambaye alikwisha kuonyesha kuwa ni jike, alikuwa mkavu, mchangamfu, anamfuata nyuma.

Mama mkwe akakaa kitandani. Akampakata Swabaha, akamweka mkono kifuani, nikamwona anasikiliza. Lakini alikuwa mtu wa ahadi.

"Nilisema kitu kinachotaga au kinachowika," akasema. "Nimekuta zaidi. Umesimamisha nyumba, Maulida. Neno langu ni lile lile. Mtoto abaki."

Nusura nipige kigelegele. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nikamtazama Maulida nikitegemea atacheka, ama ataanguka miguuni kwa mkwewe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikwenda uvunguni, akatoa begi la Mikidadi, akaliweka kitandani. Lilikuwa limeshafungwa. Sweta, sare za shule, daftari, chupa ya dawa. Sijui alilifunga lini.

"Mchukue, mama," akasema.

"Nimesema abaki."

"Nimesikia, mama. Huko Kondoa kuna jua. Nakuomba umchukue."

Nilimrukia, sifichi. Nilimuuliza ana wazimu gani, mtu ameteseka hivyo, amezika viumbe kwa mikono yake, ameshinda, halafu anatoa? Mama mkwe akashuka kitandani, yeye mtu mzima, akapiga magoti sakafuni mbele ya mkwewe, akamshika mikono yote miwili.

Waliondoka Idi ilipopita. Tuliwasindikiza stendi. Swabaha alikuwa amepakata kikapu, na ndani yake yule mtetea mdogo, ambaye mama yake alimpa akae naye kwenye jua. Mtoto alikuwa shwari mpaka alipoelewa kwamba mama hapandi. Hapo akalia. Alilia kwa ile sauti yake ya kifua, akashika nguzo ya mlango wa basi, kondakta akamtoa kidole kimoja kimoja. Abiria wakageuka. Nami nikaona nitakufa, nikamvuta Maulida mkono.

"Mshushe, kwa jina la Mungu! Husikii anavyolia?"

"Nasikia," akasema. "Mwache alie."

Basi likaondoka. Tukarudi kwa miguu hadi Kijenge. Alipoingia chumbani aliutazama ule ubao. Haukuwa tena na kazi, maana wa kukingwa hayupo. Akauondoa. Bata wakakimbia wote kwa pamoja, wakubwa wasiotosha tena, wametoka kwenye sahani yao wanachuruzika maji, wakajisukuma chini ya yule kuku. Naye akajitikisa, akatandaza mbawa.

Maulida akashuka chini taratibu, akaegemeza mgongo kwenye ule ukuta wenye maji, akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama watoto wanavyolia. Majirani wakaja mlangoni wanataka kuingia kumnyamazisha. Niliwazuia kwa mikono miwili. Nikawaambia waende zao, nikavuta pazia, nikakaa kizingitini, nikamwacha alie.