Kikopo cha Fataki

Ni kikopo cha bati, kinaenea kiganjani, na ukikitikisa kinatoa sauti ya mchele mkavu. Juzi nilikuwa nakunja koti la marehemu baba ili tuligawe kanisani, kikalia mfukoni. Nami, mwenye shahada mbili na mdomo usiojua kunyamaza, nikaketi ukingoni mwa kitanda nikikitikisa kama mtoto.

Ndani mna fataki, vile vifuniko vidogo vya shaba vinavyowasha baruti ya gobore. Gobore lenyewe baba alipewa na mwenzake wa kazini kwenye ghala la mji wa Savage, mzee Mmarekani aliyekuwa anastaafu na ambaye macho yake hayakuwaona tena kulungu. Kule Fizi tulikotoka baba alikuwa mwindaji. Hapa Minnesota alikuwa mpanga makasha. Nilidhani angekimbilia porini siku ileile. Badala yake alilisukuma chini ya kitanda, akasema hataligusa mpaka mtu anayejua amwambie kwamba linakubalika na sheria ya jimbo.

Basi Jumamosi moja tukaenda Roseville, kwenye duka la wawindaji, jirani na lile jengo kubwa la maduka ambamo wenzangu wa darasani walikuwa wakizurura. Nilivuta kofia ya koti hadi puani wasinione. Mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi: hospitali, benki, hata shuleni, ambako nilitafsiri makosa yangu mwenyewe kwa busara kubwa. Duka lilinuka mafuta ya bunduki na kahawa iliyoungua.

Mwenye duka, mzee wa ndevu za majivu, alilipokea gobore kwa mikono miwili. Akapima upana wa mtutu, akashusha mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka chini, akahakikisha kwamba linashindiliwa kupitia mdomoni tu na kwamba halina darubini.

"Liko sawa," akasema. "Akate leseni, avae rangi ya chungwa. Na likiwa ndani ya gari, fataki iwe imetolewa."

Nikatafsiri. Baba akafikiri. "Na kama baruti na risasi viko ndani, fataki tu ndiyo haiko?"

"Bila fataki, sheria inalihesabu kuwa tupu."

"Umuulize tena, mama." Aliniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

Niliuliza tena. Jibu lilikuwa lilelile.

"Sasa umuulize: mutu akibeba bunduki ya vile, na fataki hana, ule mutu iko na kosa?"

"Papa, ameshasema," nikamjibu kwa Kiingereza, lugha yangu ya kununia.

"Umuulize."

Safari hii mzee alimtazama baba, si mimi. "Hapana, bwana," akasema taratibu. "Mtu huyo hana kosa lolote."

Baba hakungoja tafsiri. Alivua kofia, akasimama akivitazama vichwa vya kulungu vilivyotundikwa ukutani. "Bon," akasema, yaani vema. Pua yake ilikuwa inatiririka. Nikafikiri ni baridi.

Tangu hapo, kila msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, tulikwenda naye msituni. Alivaa kizibao cha rangi ya chungwa, akabeba gobore begani, na kikopo akanikabidhi mimi kwenye gari.

"Papa, umesahau fataki."

"Sijasahau. Ikae kwako."

Akatokomea katikati ya miti. Nikabaki na heta ya gari na simu yangu, nikiwaza kwamba kati ya wawindaji wote duniani, wangu ndiye aliyekwenda kuwatembelea wanyama. Jioni mama alimpokea mlangoni: "Karibu, mwindaji. Nyama iko wapi, ama inakuja na basi?" Baba alicheka, akaomba ugali.

Ni mama aliyenieleza, baada ya mazishi, tukiosha sufuria za wageni. Baba na mdogo wake Wilondja walirithi gobore moja, pamoja na agizo la babu: bunduki kwa mmoja, fataki kwa mwingine, ili mwenye hasira akifuata nusu ya pili, hasira ichoke njiani. Siku moja, kule Fizi, Wilondja alitangulia na gobore. Baba alikuwa nyuma, kikopo mfukoni. Watu wenye silaha wakamkamata Wilondja njiani, wakasema bunduki hii ni ya waasi. Aliwaambia haina fataki, haiwezi kulia. Baba, kule nyuma, alizisikia bunduki zao zikilia.

Sheria ya Minnesota haikuandikwa kwa ajili ya Wilondja. Lakini katika duka lile, mbele ya mtoto aliyenuna, mtu anayejua sheria alimpa baba hukumu ambayo hakuna aliyewahi kuitamka kwao: mtu huyo hana kosa lolote. Ndiyo maana alitaka kuisikia tena na tena.

Na ndiyo maana kikopo kilikaa kwangu. Nilikuwa nimekalia nafasi ya baba bila kujua: nyuma, fataki mfukoni, nikimngoja mwenye gobore. Yeye alikuwa akiitembea njia ya mdogo wake. Giza lilipokaribia, kizibao cha chungwa kilitokeza kati ya miti, baba akagonga kioo cha gari kwa kidole. Nami nilimfungulia mlango bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu, kwa kuwa kila mara alirudi.