Marehemu wa Safu ya Nyuma

Randi elfu mbili mia nne na arobaini: ndiyo bei niliyolipa kumsikia binti yangu akinitangaza marehemu mbele ya ukumbi mzima. Nimejumlisha mara mbili. Tiketi mbili, suti ya kukodi, nywele za mke wangu, teksi ya kwenda na kurudi. Maji ya ukumbini sikununua. Kwa bei ile ningeweza kununua kisima.

Kila mwaka jiji hili la Johannesburg huwatuza watu wa jukwaani, wa michezo ya kuigiza na wa ile yenye nyimbo. Safari hii binti yetu aliteuliwa kwa uimbaji. Hakutuambia, mama yake aliliona jina kwenye simu, na jina lenyewe halikuwa letu. Miaka miwili nyuma alijichagulia jina la hapa. "Baba," alinieleza, "kwa jina letu wananiuliza nimetoka wapi kabla hawajauliza naimba nini." Nikamjibu, "Sawa." Tangu sawa ile, salamu zetu zilipitia kwa mama yake. Kwa hiyo sikwenda kuangalia tuzo. Nilikwenda kujua kama bado ana baba.

Suti niliikodi Newtown kwa Mkongo mmoja ambaye tunajuana kwa kugombania bei.

"Papa, hii ni suti ya harusi," akanitisha.

"Siendi kuoa, naenda kumtazama binti yangu kwenye tuzo. Nipe bei ya mtu anayekwenda kukaa tu."

"Kukaa ndiko kunakoharibu suruali, papa."

Alipunguza kidogo, nami nikajifanya nimeshindwa.

Shughuli ilikuwa Jumapili mchana. Tulikaa safu ya nyuma, ambako tiketi ni nafuu na watu wa mbele huonekana kwa visogo. Walipotaja lile jina la hapa, mke wangu alipiga vigelegele kabla mimi sijakumbuka kwamba ndiye mwanangu. Binti alipanda jukwaani, amekonda kuliko nilivyomwacha. Akashukuru kwa Kizulu, akashukuru kwa Kiingereza, kisha akaishika tuzo kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa sahani ya jirani.

"Na ninashukuru," akasema, "marehemu baba na mama yangu. Asanteni sana."

Kwa Kiswahili! Mwaka wa mashambulizi dhidi ya wageni, tulipotoka Alexandra na magodoro kichwani kuelekea Randburg, nilimfundisha mwenyewe asinijibu Kiswahili barabarani. Alikuwa mdogo, akalishika somo kuliko nilivyotaka. Hata nyumbani akaacha. Kiswahili kikabaki kitu cha kusikia kwenye mikusanyiko yetu sisi watu wazima, na mikusanyiko yetu, tuseme kweli, mingi ni misiba.

Ukumbi ulishangilia bila kuelewa. Lakini sherehe ilikuwa inaonyeshwa mubashara, na simu ikatetema mfukoni mwa suti. Alikuwa mwenye suti.

"Papa, uko muzima?"

"Niko mzima."

"Mungu asifiwe. Na suti?"

Nje, tukingoja teksi karibu na robot, yaani taa za barabarani, mke wangu alikuwa bado anacheka na kulia kwa zamu.

"Mtoto hajui lile neno," alisema. "Kwenye misiba yetu kila anayesimama husema marehemu hivi, marehemu vile, na watu wanainamisha vichwa. Kadhani maana yake ni mheshimiwa."

"Marehemu ilikuwa moja, wazazi wawili. Imemwangukia nani?"

"Imetubeba wote. Hata mimi kaniua, mbona sisusi?"

"Wewe anakupigia simu kila wiki. Maiti gani anapigiwa simu?"

"We mzee! Leo mwanao kaongea lugha yako mbele ya Johannesburg nzima, na wewe unakagua risiti?"

Mimi nimeuza vitu jiji hili, najua: usipotaka watu waulize mzigo umetoka wapi, waambie ni urithi. Mwenye baba hai ataulizwa baba ni wa wapi. Mwenye marehemu hupewa pole, mazungumzo yakaisha. Aliyebadili jina anashindwaje kumaliza kazi?

Juzi alimpigia mama yake. Atakuja Jumapili kula na sisi, alete tuzo tuishike. Kabla ya kukata akauliza, na mke wangu alikuwa ameweka sauti ya nje: "Baba alisikia Kiswahili changu? Nilifanya mazoezi."

Mke wangu anasema hilo ndilo jibu. Mimi naona ni nusu ya jibu. Mtu anayefanya mazoezi huchagua maneno. Nikimuuliza, na ikawa ni kosa la lugha, ataona aibu, maana Waswahili wenzetu walimcheka kwenye simu zao, na Kiswahili alichokitoa mara moja atakirudisha kabatini, asikitoe tena. Ikiwa si kosa, nitalisikia mezani kwangu, wali ukiwa bado moto. Nisipouliza, nitakaa naye, nitamchekea, na kila akisema "baba" nitakuwa namchunguza anamwita nani.

Nyinyi mnaolea watoto ugenini, ambao wanasikia Kiswahili na kujibu kwa lugha nyingine, mngefanyaje? Niulize, au nimpakulie tu chakula? Nishaurini, tafadhali, na iwe kabla ya Jumapili.