Mama wa Michai ya Mzee Angwenyi

Mama mchuma chai wa shamba la Mzee Angwenyi, pale Ikonge, alikuwa na vidole gumba vyeusi, vilivyokolea utomvu usiotoka hata kwa ndimu. Kila asubuhi, kabla ya kuchuma, aliupapasa mchai wa kwanza kama anayemwamsha mtoto. Mzee alipofariki, mwaka wa sabini na nne, wana wa wake zake watatu waligombania shamba, wakaligawa, wakang'oa safu nzima za michai aliyoipanda mama huyu ili wapitishe mipaka yao. Kesho yake, nikipita njia ya shambani, nilimkuta amechutama penye michai iliyolala mizizi juu, kikapu mgongoni, akichuma.

"Mama, hiyo imeshakufa," nikamwambia.

Hakuinua kichwa. "Najua, mwanangu. Lakini majani bado hayajaambiwa."