Babu Akishasema Ameshiba

Katika jiko la hospitali, hakuna aliyethubutu kuuita uji wa wagonjwa "msosi" mbele ya mpishi mkuu. Mama yule alikuwa mkali wa maneno kama alivyokuwa mkali wa chumvi. Msosi, alisema, ni wa vijiweni. Chakula ni cha kujaza tumbo. Lishe ndiyo inayomwinua mtu kitandani, na yeye alilipwa kupika lishe. Wenzake wakambandika jina la Mwalimu kwa kumtania, naye akalipokea bila kinyongo.

Nyumbani pia alikuwa na sheria zake. Baba yake, fundi seremala aliyestaafu, alipohamia kwake baada ya kufiwa na mke, Mwalimu aliamua mzee aheshimiwe hasa. Babu anapakuliwa kwanza, na hakuna mtoto anayeongezwa kabla babu hajasema, "Nimeshiba." Wajukuu, ambao matumbo yao hayakujua kutosheka, walikaa wakimkodolea macho. Mzee alikula matonge mawili matatu, akasukuma sahani, akatamka neno lile, na vita vya sufuria vikaanza. Mwalimu alifurahi kuona heshima inakaa mahali pake. Suruali za mzee zilipoanza kumpwaya, akamnunulia mkanda.

Siku moja msukuma kigari hakufika kazini, ikabidi Mwalimu mwenyewe apeleke chakula cha mchana wodini. Kwenye kitanda cha karibu na mlango akamkuta baba yake, dripu mkononi. Mzee alikuwa ameanguka kwa kinyozi, na kinyozi ndiye aliyemleta. Mwalimu akauliza kama ni presha, ni sukari, ni moyo. Muuguzi akatikisa kichwa, akashusha sauti.

"Ni njaa. Huyu mzee hali."

Mwalimu akakishika kigari kwa mikono miwili. Njaa? Baba wa nani? Yeye aliyelisha wodi nzima, na nyumbani kwake sufuria haijawahi kulala tupu? Alitamani ardhi ipasuke immeze, pamoja na kofia yake nyeupe ya jikoni.

Akapiga magoti, akamuuliza mzee kwa nini kila siku alisema ameshiba.

"Watoto walikuwa wananisubiri, mwanangu," mzee akajibu kwa aibu, kana kwamba mkosaji ni yeye. "Ningetafunaje huku wananitazama?"

Basi sheria aliyoitunga kwa mapenzi ndiyo iliyokuwa ikimnyang'anya baba yake tonge mdomoni, jioni baada ya jioni, na yeye mwenyewe ameketi palepale anatabasamu. Mwalimu akalia mbele za watu. Kisha akajifuta kwa aproni, akachota uji, akaanza kumlisha. Mzee akameza vijiko viwili tu, halafu akageuza uso, akatazama vitanda vingine na kigari kilichosimama.

"Nimeshiba," akasema. "Wape na wale."

Mwalimu akabaki na kijiko hewani. Ndipo mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye sahani yake ilikuwa bado kigarini, akavuta shuka hadi kifuani.

"Sisi tulishakula, mzee."

"Tumeshiba," akadakia wa upande wa pili.

Mzee akawatazama kwa zamu. Kisha akafungua kinywa.