Pilau ya Jomvu Kuu

Nimezaliwa Changamwe, lakini nikiri tu: sebule yangu naijua kuliko mji. Ndiyo maana shemeji yangu Mutua, alipotutembelea kutoka Machakos, alinicheka mbele ya mke wangu. "Wewe kochi limekuota mgongoni, utanitembeza wapi?"

Heshima yangu ikawa hatarini. Nikaandika ratiba ya siku nzima: asubuhi mahamri kwa mbaazi Mjambere, kisha Mji wa Kale, na mchana pilau ya sinia Jomvu Kuu, kwenye mkahawa niliosoma habari zake kwenye simu tu.

Mambo yalikwenda vizuri. Jomvu Kuu tukaona turubai, mikeka, na masinia yakipita yanafuka moshi. Bwana mmoja mwenye kanzu akatuita, "Karibuni, karibuni, jisogezeni." Tukavua viatu, tukanawa, tukala sinia moja na wazee wawili wapole.

"Shemeji, leo umenifunga mdomo," Mutua akasema, akilamba vidole.

"Hapa wananijua," nikamjibu, nimeshiba sifa kuliko pilau.

Ili aamini kabisa, nikamwita yule bwana kwa sauti ya mteja wa siku nyingi. "Wallahi pilau yenu haina mpinzani! Kesho mnafungua saa ngapi?"

Akanitazama kwa upole ulioniumiza. "Kesho hatupiki, mwanangu. Hii ni hitima ya marehemu mama yetu. Nyinyi mlijuana naye wapi?"

Mutua akameza tonge lake, akanigeukia taratibu.

"Mjibu, shemeji. Si hapa wanakujua?"